Mapera ya Kufungwa kwa Uzi

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu bado yuko kwa kaka yake, ng'ambo ya ua. Namwona akipita kati ya mipera na kilemba chake cha njano. Hata hageuki! Aliondoka siku niliyowapulizia sumu nzi wa matunda, nikaua nyuki wake wote. Nzi hawakufa. Leo shemeji kaleta masharti: dada yake atarudi siku atakapopasua pera la shamba hili asikute funza, na sumu nisiiguse tena. Akaongeza la kwake, kwamba niokote mapera yaliyoanguka niyafukie, maana nzi huzaliana humo. Niiname? Mimi, mwenye kabati zima la vitabu! Nikamwambia elimu ya kuinama namwachia yeye.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata chambo. Harufu yake huwaita nzi madume. Huingia kwenye chupa ya mtego wakidhani kuna jike, wakafia humo. Bibi shamba aliyenipa alisisitiza matone machache kwenye pamba. Matone! Woga wa wataalamu ndio unaoua kilimo. Nikamimina. Kikanimwagikia shati, lile jeupe, nililolivaa makusudi ili anione.

Aliniona. Nilikuwa mweusi kwa nzi, kuanzia kola hadi kiunoni. Akaziba mdomo. Kicheko au huruma? Sikujua, nzi walikuwa machoni. Maskini madume! Wamekuja mbio kwa harufu ya asiyekuwepo. Siwacheki. Asubuhi hii hii nilikuwa nanusa kilemba alichokiacha msumarini.

Alhamisi, 6 Machi
Ametuma neno. Anakuja keshokutwa! Nikapasua pera: funza. Jingine: funza, tena mnene kuliko wa kwanza. Chini ya miti kumeoza, kunanuka. Muda wa kuokota ungalipo. Lakini akili ni mali. Nimekwenda sokoni, nikanunua kikapu cha mapera safi kwa mama mmoja, nikayafunga matawini kwa uzi.

Jumamosi, 8 Machi
Amekuja! Kaketi kwenye benchi letu. Akachuma pera, uzi ukaja nalo. Akautazama uzi. Akanitazama mimi. Akapasua. Safi! Nikaanza hotuba juu ya ushindi wa elimu. Akauma, akatafuna taratibu, akaniuliza, mume wangu, haya umeyatunzaje? Nikasema mvumilivu hula mbivu.

Akasema kweli, ila mvumilivu ni yeye: kila pera hapo alilivisha mfuko wa karatasi likiwa changa, kule kwa kaka yake, na Jumatano alimuuzia yule mama wa sokoni. Akacheka mpaka akajifuta machozi. Nami nikacheka. Kwa kitambo tukawa mtu na mkewe. Kisha akainuka. Okota mapera, bwana wewe, akasema. Mimi nipo hapo ng'ambo tu, sijahamia mwezini. Akaenda zake. Kilemba cha njano, mpaka mwisho wa ua.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari. Kosa nimeliona: soko! Nilikwenda la karibu mno. Kesho naenda soko la mbali, wasikomjua mke wangu wala kaka yake.

Pera aliloliuma nimeliweka dirishani. Wao na wafukie mapera yao! Hili lina alama ya meno yake. Nzi nao wameshaliona. Nimewasogezea pazia wapite.