Ombi la Kutaifisha Ndege ya Mke Wangu

Balozi wa Nyumba Kumi,
Kijiji cha Ujamaa, Masanze,
Kilosa.
Juni, 1975.

Kwa Ndugu Mkuu wa Wilaya,
Kilosa.

YAH: NDEGE YENYE INJINI MBILI INAYOMILIKIWA NA MTU BINAFSI CHUMBANI KWANGU

Ndugu Mkuu wa Wilaya,

Shikamoo. Najua barua za kiserikali hazianzi kwa shikamoo, lakini mimi nimelelewa Mamboya, na siwezi kumwomba mkubwa jambo zito kabla sijamwamkia. Nitachukulia kwamba umeitikia marahaba, tuendelee.

Mimi ni Makarius Donati, balozi wa nyumba kumi, na jioni ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Kadi ya chama nimelipia. Zamu ya shamba la kijiji sikosi, hata nikiwa na homa. Nayataja haya ili ujue kwamba anayekuandikia si mzushi wala mlevi. Ni kiongozi mwenye matatizo nyumbani.

Matatizo yenyewe ni kwamba mke wangu, Bibiana, ameunda ndege.

Tafadhali usicheke kwanza. Sisemi kile kindege cha karatasi cha watoto wa shule. Hii ina kila kitu cha ndege isipokuwa mahali pa mtu kukaa. Bawa lake, kutoka ncha hadi ncha, linawashinda watu wazima wawili waliolala kwa kufuatana. Ina injini mbili za petroli, zilizofunguliwa kutoka kwenye mabomba mabovu ya kupulizia dawa ya pamba. Inaongozwa kwa redio: Bibiana anasimama chini na kisanduku shingoni, anasukuma vijiti, na mkia kule mbali unatii. Mimi nikimwita aje kula, hasikii.

Redio hiyo aliachiwa na mhandisi mmoja wa mashamba ya mkonge, Mzungu, ambaye mkewe alikuwa akishonewa nguo na Bibiana. Mashamba yalipotaifishwa na mhandisi akafungasha kurudi kwao, majirani walikwenda kuaga, wakarudi na viti, meza, na mmoja alirudi na jokofu ingawa hana umeme. Kulikuwa pia na kitanda cha springi. Bibiana alipoambiwa achague, akaonyesha kasha lenye redio ile pamoja na magazeti ya picha za kuundia ndege. Kitanda kikaenda kijiji cha Zombo. Ndugu Mkuu, shamba zima la mkonge lilitaifishwa, jani kwa jani, na kasha lile likapita hivihivi. Naomba sasa kazi hiyo ikamilishwe, kwa sababu zifuatazo:

1. MAKAZI. Ndege ilianzia sebuleni ikiwa mkia tu, nami nikauvumilia. Ikahamia chumbani ilipoota kiwiliwili. Bawa lilipounganishwa halikuenea, likabidi ncha yake moja ipitishwe dirishani. Siku hizi ninalala kwenye mkeka, chini ya injini ya kushoto, ambayo inadondosha mafuta. Kuku wa jirani yangu, Mzee Mwinshehe, wamegundua ile ncha iliyo nje na wanalala juu yake kila siku. Kwa maneno mengine, bawa lililo katika nyumba yangu linawapa kuku wa mtu mwingine malazi bora kuliko yangu.

2. MALI. Mbavu zote za ndege ni za mti wa msufi, kwa kuwa ni mwepesi. Kwa hilo sina kinyongo, msufi ulikuwa wa porini. Lakini kitambaa cha kuivika kilikuwa marekani niliyoiweka kwa ajili ya shuka zetu. Aliikata, akaishona kwa cherehani, akaipaka uji wa muhogo na vanishi hadi ikakaza kama ngozi ya ngoma. Spoki za baiskeli yangu zimekuwa vyuma vya kuvutia mkia. Tangi la petroli lilikuwa kopo langu la kunyolea. Halafu, ndege ilipokwisha, akaweka vidole viwili chini ya bawa na kuinyanyua, akaona inaelemea nyuma. Akasema pua inataka uzito kidogo. Akaangaza macho chumba kizima, nami nikajua hapa kuna kitu changu kinaondoka. Aliondoa kufuli la sanduku langu la nyaraka, akalifunga ndani ya pua, na ndege ikakaa sawasawa. Nyaraka za chama ziko wazi mpaka sasa. Siri za nyumba kumi ziko wazi. Nimemweleza, akanijibu kwamba siri za nyumba kumi wanazijua watu wa nyumba ishirini.

3. HESHIMA YA OFISI. Zamani mtu akipiga hodi kwangu alikuwa na shida ya kikazi. Sasa wanapiga hodi, wananipa shikamoo wakipita kama vile mimi ni nguzo ya mlango, na kuingia chumbani kuitazama ndege. Mama mkwe wangu, Mama Hildegarda, alishuka kutoka milimani kuja kututembelea. Mimi nilikuwa nimemweleza kila kitu isipokuwa redio. Akiwa amekaa peke yake anakunywa uji, Bibiana aliyekuwa uani akajaribu vijiti, na mkia ukaanza kupunga ndani ya chumba bila kuguswa na mtu. Mama alitoka na bakuli mkononi, akamaliza Baba Yetu hadi Amina, kisha akaniuliza mimi, si binti yake, ni kitu gani nimeleta katika nyumba hii. Nimemheshimu mama yule miaka yote. Hajanitazama vizuri tena.

4. AZIMIO. Hapa, Ndugu Mkuu, ndipo penye uzito. Azimio la Arusha linataka njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa umma, na likazitaja: misitu, mafuta, njia za habari, njia za uchukuzi, na nyingine. Sasa niruhusu nihesabu. Msufi ni misitu. Petroli ni mafuta. Redio ni habari. Ndege ni uchukuzi. Njia nne kuu za uchumi wa nchi hii ziko chumbani kwangu chini ya mtu mmoja, naye ni fundi cherehani.

Zaidi ya hapo, kiongozi haruhusiwi mishahara miwili wala nyumba ya kupangisha. Kama mishahara miwili ni mwiko, itakuwaje injini mbili? Na usiniambie ndege ni ya mke. Azimio limesema wazi kwamba kiongozi ni pamoja na mkewe. Kwa hiyo mimi, bila kuchukua bisibisi mkononi hata siku moja, nimekuwa bepari. Nilimwomba aondoe injini moja tu ili tubaki ndani ya maadili. Alinitazama kwa huruma, akasema ndege ya aina hii ikibaki na injini moja inazunguka palepale kama mkutano wetu wa nyumba kumi.

Tena Taifa linaokoa mafuta, magari hayatembei Jumapili mchana. Yeye huitoa ndege kwa vipande Jumapili mchana, na injini zinanguruma nyuma ya jiko. Nikimkumbusha katazo, anasema ndege haitembei, imefungwa kwenye mlimao.

5. MASIKIO. Injini hizi lazima zizunguke kwa mwendo mmoja, la sivyo ndege inapinda. Basi Bibiana huinama katikati yake, akafumba macho, akakaza skrubu ya kabureta hii kidogo, akasikiliza, akalegeza ile, akasikiliza tena. Anaweza kukaa hivyo mpaka wali unaungua. Hii ya kushoto ikikohoa, anajua. Mimi nilikohoa msimu mzima wa masika, Ndugu Mkuu, na aliyeniletea limao ni Mzee Mwinshehe.

6. MIKUMI. Nimeliacha hili mwisho kwa makusudi.

Bibiana ana mjomba, Damiano, anayefyeka nyasi za uwanja wa ndege wa hifadhi pale Mikumi na kuwafukuza wanyama ndege inapotaka kutua. Damiano amemsimulia bwana mkubwa mmoja wa hifadhi. Bwana huyo amesema Jumamosi hii jioni, wakati hakuna ndege ya kutua, Bibiana aje aijaribu ya kwake pale. Ikiruka na kushuka salama, yeye mwenyewe atamwandikia nafasi ya kwenda Dar es Salaam kujifunza ufundi wa ndege, zile kubwa. Mafunzo ni ya miaka.

Bibiana aliponiambia alikuwa anapiga msasa pangaboi la ndege, hakuinua uso. Mimi nikasema vizuri sana, hongera, nikatoka kwenda kukagua mahindi ya kijiji, ambayo nilikuwa nimeshayakagua asubuhi.

Nitasema wazi, kwa kuwa wewe ni mkubwa na umeshaitikia shikamoo yangu. Mkeka naweza kuuvumilia. Kuku naweza kuwavumilia. Ninachoogopa ni kwamba ndege itaruka, na Bibiana ataruka nayo, nami nitabaki na chumba kikubwa, kitanda kizima na sanduku lisilo na kufuli.

MAOMBI. Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu:

(a) Ndege itaifishwe kabla ya Jumamosi. Ijumaa ingefaa zaidi, maana Jumamosi alfajiri lori la chama linaondoka kwenda Mikumi na bawa litakuwa limeshapakiwa.

(b) Ikishataifishwa, isipewe mtu anayejua kuirusha. Ikabidhiwe kamati. Trekta letu la kijiji, tangu likabidhiwe kamati, lina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mlinzi, na mvua zimelipita likiwa limesimama mahali palepale, salama kabisa, halijamchukua mke wa mtu. Ndege hii ikipata kamati ya namna hiyo, nitalala usingizi.

(c) Kamati iwe kubwa. Injini ya kushoto iwe na kamati ndogo, na ya kulia iwe na yake, na zisikutane bila akidi.

(d) Bibiana alipwe fidia ya haki. Mimi mwenyewe niko tayari kuchanga. Wala asiambiwe ni nani aliyeandika.

Nakuomba unisalimie karani wako wa masjala, dereva wako, askari wa getini aliyeniazima kalamu mwaka jana (bado ninayo), pamoja na mama na watoto nyumbani. Mzee Mwinshehe anakusalimu, na kuku wake hawajambo.

Ndimi mtiifu wako katika ujenzi wa Taifa, kutoka sakafuni,

Makarius Donati,
Balozi.

NYONGEZA, Jumapili. Ndugu Mkuu, barua hii ilikuwa imebaki kwenye mfuko wa shati. Nilijiambia nitaiposti nikishakwenda Mikumi kushuhudia uharibifu kwa macho yangu, kwa niaba ya serikali.

Mjomba Damiano alifukuza pundamilia, wakasogea pembeni na kukaa kutazama. Bibiana akawasha injini ya kushoto, kisha ya kulia. Kumbe zikishika moto, lazima mtu mmoja aishike ndege kwa nyuma isikimbie kabla haijaruhusiwa. Damiano alikuwa anawazuia pundamilia, na bwana mkubwa wa hifadhi hakuja kushika mikia. Mtu aliyebaki nilikuwa mimi. Nikapiga magoti nikaushika mkia, vumbi lote usoni, ndege inatetemeka inataka kwenda.

Ninataka uelewe hali ilivyokuwa. Hapo sikuhitaji serikali. Kila kitu nilichokuombea katika kurasa hizi kilikuwa ndani ya viganja vyangu viwili. Kama ningeng'ang'ania kidogo, mkia ule wa msufi ungevunjika, na kila mtu angesema bahati mbaya. Bibiana alikuwa amesimama na kisanduku chake shingoni, ananitazama. Hakuniambia achia. Alijua ninachoogopa, naona alijua tangu zamani, na bado alinipa mimi mkia nishike.

Nikaachia.

Ilikimbia, ikaruka mara moja, ikagusa nyasi, kisha ikapanda moja kwa moja na injini zote mbili zikiimba sauti moja. Ikazunguka juu ya miti, marekani ile ikapigwa na jua la jioni. Nililia, Ndugu Mkuu, mbele ya Mjomba Damiano na mbele ya pundamilia. Bwana mkubwa wa hifadhi alivua kofia. Ilishuka ikavunja gurudumu moja, lakini ilishuka, na nafasi ya Dar es Salaam bwana yule ameahidi kumwandikia kesho. Kwenye lori tukirudi Bibiana aliniegemea begani akalala, mkono umeshika bawa. Kabla hajalala aliniuliza kama Dar es Salaam ninaweza kuzoea joto.

Kwa hiyo naomba ufute sababu ya 1 hadi ya 6, na maombi yote. Usitaifishe kitu. Kamati zote nilizopendekeza zivunjwe kabla hazijaundwa. Na kwa kuwa kiongozi haruhusiwi kuwa na injini mbili, na ndege ya Bibiana haiwezi kwenda na moja, ninajiuzulu ubalozi kuanzia leo. Mzee Mwinshehe ameutaka siku nyingi, apewe.

Nina ombi moja tu jipya. Nasikia mjini wanakamata watu wasio na barua wakiwaita wazururaji. Nakuomba uniandikie barua ya utambulisho ya kuhamia Dar es Salaam. Jina unalo. Palipo na nafasi ya kazi, tafadhali andika: mume wa Bibiana.