Keria ya Kwenda Ukweni

Jumatatu, 1 Agosti 1988. Jericho, Nairobi.

Mke wangu Nzilani bado yuko kwao, Mua. Binti yetu Koki yuko naye. Nyumba imepoa. Hata kuku wa jirani hawaji tena mlangoni, maana hakuna wa kuwamwagia makombo.

Leo ujumbe umefika kwa mdomo wa dereva wa basi la Machakos. Baba mkwe, Mzee Makau, anasema wazee watakaa Jumamosi. Nifike. Na nije na zile baiskeli mbili, wazee wakione kwa macho yao kile nilichokipenda kuliko binti yake.

Niweke wazi hapa, maana mtaani yanasemwa mengi. Sikuuza cherehani ya mke wangu. Niliibadilisha! Salad, mfanyabiashara wa vitu kuukuu kule Kariobangi, alikuwa na baiskeli mbili za mlimani, mali ya wazungu waliorudi kwao. Matairi manene yenye meno. Gia nyuma, gia mbele. Mpango wangu ulikuwa kuzikodisha kwa watalii. Watalii hawajafika Jericho bado. Biashara huanza polepole. Nzilani hakungoja. Alisema cherehani ile ndiyo iliyokuwa ikishona sare za watoto wa mtaa mzima, na ndiyo iliyokuwa ikitulisha sisi, kwa sababu mshahara wangu wa karani wa kanjo, baraza la jiji, unaishia kwenye mipango. Akafunga mzigo. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Mzee anadhani ananiaibisha. Kumbe amenifungulia mlango! Wazee wakiziona baiskeli hizi zimesimama wima juu ya gari langu, zinang'aa, watasema mkwe wetu ana kichwa. Nzilani atarudi nami jioni ile ile. Lazima arudi. Nimechoka kupika ugali wa mtu mmoja.

Tatizo ni dogo tu. Datsun yangu haina mahali pa kubebea baiskeli. Nahitaji keria.

Jumanne, 2 Agosti.

Saa ya chakula nilikwenda mjini, duka la vifaa vya magari. Wana keria ya kigeni, loo! Inakunjwa kama kiti. Unaifunga nyuma kwa mikanda, baiskeli zinaning'inia juu ya buti. Niliishika, nikaipapasa, nikaiona kabisa pale uani kwa Mzee Makau.

Muuzaji akaomba aone gari. Akabonyeza bampa kwa kidole kimoja. Bampa likainama. Akasema keria ile ni nzito kuliko bampa lenyewe. Tena itafunika namba ya gari na taa, na polisi wa barabara ya Mombasa hawatanihurumia. Nikauliza bei. Aliponiambia, nikamwuliza kama gari jipya limo ndani ya hiyo bei. Hakucheka. Watu wa mjini hawana ucheshi.

Jioni akaja jirani yangu Okumu, mtu wa reli. Ana pikapu. Akasema, Baba Koki, chukua pikapu yangu Jumamosi, weka petroli tu. Nikamshukuru, nikakataa. Nifike ukweni na gari la mtu? Tena gari la Okumu! Mwaka jana aliniazima ngazi, na hadi leo akinisalimia sokoni huulizia ngazi kwanza. Mtu huyu anakusaidia kwa sauti kubwa mno.

Jumatano, 3 Agosti.

Nimejaribu njia ya bure. Blanketi juu ya paa, baiskeli zimelazwa juu ya blanketi, kamba ya katani ikipita dirishani. Nilivuta hadi mikono ikachubuka. Imara! Nikazunguka mtaa kuijaribu.

Penye tuta la soko baiskeli moja ikaamua kushuka. Iliteleza kwenye kioo cha mbele, ikapita juu ya boneti, ikatua ndani ya karai la dagaa wa omena la Apondi. Apondi ni mke wa Okumu. Kati ya akina mama wote wa sokoni, lazima awe yeye! Alisema yote kwa Kijaluo, halafu akayarudia kwa Kiswahili nisije nikapitwa na neno. Nimeokota omena hadi magharibi. Baiskeli inanuka. Nimeiosha kwa sabuni ya Omo, na bado paka wananifuata.

Okumu alipita akasema pikapu ingali pale. Nikajifanya sikusikia.

Alhamisi, 4 Agosti.

Kariobangi, kwa Caleb, fundi wa kuchomelea. Kijana mtulivu, ana miwani myeusi ya kazi na maneno machache. Akasema kinachofaa ni keria ya paa: fremu ya chuma, miguu inayoshika mfereji wa paa pande zote, na fito za wima za kushika magurudumu. Keria ya namna hiyo haitaanguka. Lakini mabomba ya chuma yamepanda bei, na bei aliyotaja ilinikata maini. Akauliza kama nina chuma chochote cha zamani nyumbani. Nikamwambia sina.

Nikarudi, nikakaa kitandani kufikiri. Kitanda kikalia, kwii. Nikainuka polepole. Nikakitazama.

Haki ya nani! Fremu ya chuma, pana kama paa la Datsun. Vichwa viwili virefu, na kila kichwa kina fito za wima. Nikaleta baiskeli moja ndani, nikaingiza tairi katikati ya fito. Likaingia kama lilitumwa. Miaka yote hii nimekuwa nikilala juu ya keria bila kujua!

Hiki ni chuma cha kweli. Mama mkwe mwenyewe alitupatia siku ya harusi, kikaletwa kutoka Mua kikiwa na ua jekundu lililopakwa rangi kwenye kichwa chake. Na hapo nikaona faida ya pili. Watakapokiona, watakitambua. Watajua kwamba zawadi yao nimeitunza, sasa inafanya kazi ya maana. Machozi yalinilenga, sioni haya kuandika.

Okumu alinikuta nikikitoa mlangoni. Akauliza kwa upole kama sasa tumeachana kabisa. Nikamwambia ashughulike na magarimoshi yake.

Ijumaa, 5 Agosti.

Nimetoroka kazini mapema. Caleb amechomelea miguu. Kabla ya kuwasha moto aliinua miwani akaniuliza kama nina hakika. Akauliza tena kama mama wa nyumba amekubali. Nikamwambia ni zawadi ya kumshtukizia. Akaishusha miwani, akawasha moto.

Imekaa! Tuliitikisa, gari lote likatikisika pamoja nayo. Baiskeli zimefungwa kwa mipira ya tyubu, zimesimama kama askari wa gwaride. Ua jekundu linatazama mbele, juu kidogo ya kioo. Bei ya kazi yenyewe: karibu na bure. Nani sasa atasema mimi Kitonga sijui mambo?

Nimelala chini. Saruji ya Agosti ina baridi kali, inapenya godoro. Lakini ni usiku mmoja tu. Kesho Nzilani yuko hapa.

Jumamosi, 6 Agosti.

Niandike kama ilivyokuwa.

Safari ilikuwa safi. Hakuna kilicholegea njia nzima. Athi River kijana wa petroli aliuliza kama nahama. Nikacheka. Mpumbavu mimi! Hapana, si mimi. Yeye.

Niliingia uani nikipiga honi. Wazee wamekaa kwenye mabenchi kando ya ghala, fimbo mikononi. Nilitegemea mnong'ono wa mshangao. Mama mkwe alitoka jikoni, akaona ua jekundu, akashika kichwa kwa mikono miwili akaanza kulia kwa sauti. Nikadhani ni furaha, nikampungia mkono.

Mzee Makau alizunguka gari lote. Baiskeli hakuzitazama hata kidogo. Akauliza kama godoro linakuja na gari jingine.

Ndipo nikaelewa. Mtu akimletea mzee kitanda cha binti yake, kutoka nyumba aliyoolewa, mbele ya wazee, amemwambia nini? Amemrudisha mke. Hahitaji kufungua mdomo.

Nikapiga kelele kwamba hiki si kitanda, ni keria! Mzee mmoja asiye na meno akauliza keria ni nini. Nikaeleza. Nikaeleza vizuri mno, na hapo ndipo nilipojimaliza. Nikasema za dukani ni ghali, mabomba ni ghali, hii ndiyo rahisi kuliko zote. Mzee Makau akasema amesikia. Nilizunguka Nairobi nzima nikitafuta kitu rahisi, nikakipata kitandani kwa binti yake. Wazee wakaguna pamoja. Mmoja akasema basi shauri limekwisha, kitanda kimefika, kifunguliwe.

Nzilani akatoka. Amekonda kidogo. Nilitaka kumkimbilia, nikashika mlango wa gari. Aliuliza jambo moja tu. Nimekuja kumchukua? Nikasema ndiyo, ndiyo, wallahi, tena leo hii! Akauliza, basi leo usiku angelala wapi?

Nilitazama paa la gari. Mungu shahidi, jambo hilo halikunipitia akilini hata mara moja. Koki alikuwa mlangoni ananiangalia, na mimi nikaangalia viatu vyangu.

Nzilani akawaambia wazee kwamba hajasema ndoa imekwisha. Kitanda kibaki hapa. Siku nitakapomletea cherehani yake atajua kwamba nimemkumbuka yeye, si mipango yangu, na siku hiyo atafunga mzigo bila kuulizwa mara mbili. Mzee Makau alitaka kubisha, Nzilani akamtazama tu. Wazee wakakubali. Juma lijalo, Jumamosi.

Kitanda kikashushwa. Nikauliza baiskeli nitazibebaje sasa, bila keria. Nzilani alikwenda kwenye baiskeli, akavuta kikono kidogo kilicho katikati ya gurudumu. Gurudumu likatoka. Akavuta kingine. Likatoka! Akazisukuma baiskeli zote mbili kwenye kiti cha nyuma, akatupia magurudumu juu yake, akafunga mlango kwa nguvu. Ilimchukua muda wa kuchemsha chai.

Wazee walikuwa wanacheka sasa. Afadhali wangenipiga.

Jumapili, 7 Agosti.

Sikwenda kanisani. Mgongo.

Nimefikiri kosa lilikuwa la nani. Caleb alipaswa kulifunika lile ua kwa rangi. Mimi nilitoa wazo tu, rangi ni kazi ya fundi.

Okumu aliingia na chai ya Apondi kwenye chupa, na mkeka. Akaketi nami sakafuni. Nikalia mbele yake. Aibu! Nilimwambia Nzilani akikataa kurudi sijui nitakuwa mtu gani. Akasema, Baba Koki, kazi yako ni moja tu sasa, rudisha cherehani, usifikiri. Alirudia hilo la kutofikiri. Naona alikusudia kunifariji.

Jumatano, 10 Agosti.

Kwa Salad. Cherehani ilikuwa bado ipo, nyuma ya majokofu mabovu, na gurudumu lake la miguu na kile kisahani cha pini. Nilipoiona nilihisi kama nimemwona Nzilani mwenyewe amekaa pale. Salad akazinusa baiskeli. Akauliza kwa nini zinanuka samaki. Tulibishana hadi adhana. Amechukua baiskeli zote mbili na redio yangu, nami nimechukua cherehani. Hakuna mpango, hakuna ujanja. Nimeipaka mafuta, nikaifunga kwa gunia. Imeingia kiti cha nyuma bila taabu.

Okumu alinipa mkono. Apondi alinisalimia kwa jina, mara ya kwanza tangu omena.

Jumamosi, 13 Agosti.

Naandika nikiwa ndani ya gari, karibu na lango la Mzee Makau. Nimesimama niandike kwanza, maana siku kama hii haifai kupotea.

Asubuhi nilisimama Athi River kuongeza maji kwenye rejeta. Pembeni palikuwa na bwana mmoja mstaarabu, mwenye tai, na mashine ya kufuma sweta. Ya kufuma sweta! Ya mkono, si ya umeme, unasukuma kushoto na kulia na mgongo wa sweta unashuka wenyewe. Tukaongea. Nikapiga hesabu. Sare zinashonwa Januari, basi. Sweta ni mwaka mzima. Na hapa Mua baridi inauma hata saa sita mchana! Yule bwana naye alikuwa anatafuta cherehani kwa muda mrefu. Tukabadilishana. Ni kama tulipangiwa. Sindano chache zimepotea, lakini amesema mjini zinapatikana, au Ulaya.

Mashine ina umbo lile lile ukiifunga. Nimetumia gunia lile lile.

Moyo wangu umetulia kabisa. Cherehani alikuwa nayo, anaijua. Hiki ni kitu ambacho hakuthubutu hata kukiomba. Mtu akimpenda mkewe hamrudishii alichokuwa nacho tu, anamwongezea.

Mlango wa jikoni umefunguliwa. Ni yeye. Amelitambua gari, sasa ameliona gunia lenye umbo la cherehani kwenye kiti cha nyuma. Ameweka mikono mdomoni. Anamwita Koki. Mzigo wake ameufunga tayari, uko pale barazani!

Anakuja mbio, anacheka. Tangu siku ya harusi sijamwona akikimbia hivi.