Tulivyoizunguka Nyumba ya Bibi Mkunga

Jumatatu, 4 Machi

Tumevuka mpaka salama. Mimi, Katibu wa Kamati ya Watoto ya kanisa letu, na shemeji yangu, Mweka Hazina, aliyeyalalamikia magoti yake njia nzima. Tumepanga chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Vitanda viwili, dirisha moja, harufu ya rangi. Inatosha. Hatukuja kustarehe.

Tumekuja kununua nyumba. Kanisa letu linalea watoto yatima huku ugenini, katika nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba anaitaka mwisho wa mwezi aifanye ghala la saruji. Tusipopata nyingine, watoto watagawanywa kama vifaranga: huyu huku, yule kule, ndugu mbali na nduguye. Tena Kamati imeazimia kwamba tusipoafikiana na muuzaji kabla ya Jumapili, fedha zirudi nyumbani zikaezeke paa la kanisa. Aliyetoa hoja hiyo ni Shemeji. Analipenda paa kuliko anavyompenda dada yake, ambaye ni mke wangu.

Mlezi, mama anayewatunza watoto, amekwisha kupata nyumba inayouzwa, kwa bei tunayoimudu. Lango la buluu, vyumba vipana, ua wa kuchezea. Mwenyewe ni mkunga mstaafu, mjane, mji mzima unamwita Bibi Mkunga. Mlezi alitaka twende leo hii tukamweleze shida yetu. Nilimzuia. Nilimfahamisha kwamba mtu akisikia wageni, tena wa kanisa, tena wenye fedha za msaada, bei hupanda kama moshi. Nilikuwa mwalimu mkuu; nimenunua madawati kwa watu wagumu. Akaniuliza tutawaingizaje watoto bila Bibi kujua. Kwenye magunia?

Nikamwambia mambo mengine ni ya Kamati.

Jumanne, 5 Machi

Alfajiri tumeanza mizunguko. Desturi yetu haina mjadala: hakuna kiwanja wala jengo linalonunuliwa kabla wazee hawajalizunguka mara saba kila alfajiri, vichwa vimeinama, midomo imefungwa, hadi mauzo yakamilike. Neno moja likiponyoka, mizunguko huanza upya. Ndivyo tulivyopata kanisa, nyumba ya mchungaji, na hata choo.

Mzunguko wa tatu Shemeji alijikwaa kwenye jiwe akasema neno. Si neno la kanisani. Tukaanza upya.

Mzunguko wa tano dirisha likafunguka, Bibi Mkunga akachungulia. Kikongwe mwenye macho makali. Akauliza kama tumepoteza kitu. Sikuruhusiwa kujibu. Nikaweka kidole mdomoni. Akauliza tena, "We kijana, umepoteza kitu au umepoteza akili?" Nina umri wa miaka sitini na tisa. Nikaweka kidole mdomoni mara ya pili, kwa heshima zaidi. Akafunga dirisha.

Naona ameanza kulainika.

Jumatano, 6 Machi

Mizunguko imekwenda vyema. Mbwa mmoja ametufuata mwanzo hadi mwisho bila kubweka. Nimemwonyesha Shemeji mfano huo wa nidhamu. Hakuupenda.

Jioni dalali wa mtaa alikuja chumbani, akaketi kitandani kwangu bila kukaribishwa. Alisema mtaa mzima umetuona. Mtu mzima hazunguki msingi wa nyumba ya mwenzake huku akitazama chini bure bure. Basi, wazee wangu, kuna nini pale chini? Nikamjibu hakuna kitu. Hakuna kitu kabisa. Kisha nikatabasamu.

Nilikusudia tabasamu la mtu asiyejali. Shemeji anasema lilikuwa tabasamu la mtu aliyeona dhahabu. Shemeji hajui kusoma nyuso. Ndiyo maana alioa mara ya pili.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa. Leo hatukuzunguka peke yetu. Nyuma yetu walifuata wanaume kadhaa, nao wameinamisha vichwa, nao kimya. Mmoja alikuwa na sepetu. Nilitaka kuwafukuza lakini kusema kungetuanzishia mizunguko upya, na Shemeji aliapa kwa ishara kwamba akianza upya leo atarudi nyumbani kwa miguu. Nilikaza mwendo tu, nao wakakaza.

Mchana dalali akaja na habari. Mtaa umekata kauli kwamba pale chini pamefukiwa vito. Wafanyabiashara wawili wamekwenda kwa Bibi Mkunga wakitaka nyumba, kila mmoja akimpandia mwenzake dau. Bibi alipowauliza wanaipendea nini nyumba kuukuu, wote wawili waliweka kidole mdomoni.

Shemeji alipiga hesabu kwa vidole, akatikisa kichwa, kisha akaniuliza kwa sauti tamu nayaonaje mabati ya rangi nyekundu. Mlezi, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliniomba tena, "Baba, niruhusu nikaseme naye mimi. Ni mwanamke mwenzangu." Nikamwambia atulie. Jeraha lililotokana na uvumi hutibiwa kwa uvumi. Dawa ya moto ni moto.

Nimekwenda kwa kinyozi. Kichwa changu hakina nywele za kunyoa lakini niliketi. Huku akinipaka mafuta nilimnong'oneza, nikamwapisha asimwambie mtu, kwamba sisi ni wataalamu wa ardhi, na kwamba nyumba ya Bibi Mkunga inazama. Polepole, lakini inazama. Nilipotoka tu alifunga kibanda chake mapema. Siri iko njiani. Kesho wafanyabiashara watatawanyika kama kuku waliomwona mwewe, na bei itarudi ardhini.

Nitalala vizuri.

Ijumaa, 8 Machi

Wafanyabiashara wametawanyika. Mwenye sepetu ametoweka. Alfajiri tulizunguka mimi, Shemeji na mbwa. Nilichoma kijiti kwenye kona ya nyumba, nikakitazama kwa muda mrefu, nikatikisa kichwa. Wapita njia wakahamia upande wa pili wa barabara. Ushindi mtupu.

Saa nne watu wa halmashauri wakafika na kopo la rangi. Wamechora alama kubwa nyekundu ukutani: nyumba isipangishwe, isiuzwe mpaka mkaguzi aipime. Mkaguzi ana kazi nyingi. Atafika mwezi ujao.

Sasa bei ni ndogo mno. Tatizo ni kwamba hairuhusiwi kulipwa.

Jioni Mlezi alikuja. Nilimtayarishia maelezo marefu, lakini hakugomba. Alisimama akishika kitasa. Alisema watoto wamesikia mitaani kwamba nyumba ile inazama, nao wamemuuliza kama ni kweli, kwa sababu alikwisha kuwaonyesha kwa mbali dirisha la chumba cha wadogo. Yule binti mkubwa ameanza kuzifunga nguo za mdogo wake katika fungu moja na zake, ili wakija kugawanywa isiwe rahisi kuwatenganisha. Kisha Mlezi akasema usiku mwema, akaondoka.

Sikula. Shemeji alikula sehemu yangu, ila leo hakulitaja paa.

Nimepiga moyo konde. Kesho nitavaa tai, nitakwenda halmashauri, nitajitambulisha kuwa mkaguzi msaidizi kutoka makao makuu. Makao makuu ya nini, hawatauliza. Tai haiulizwi.

Jumamosi, 9 Machi

Waliuliza.

Bawabu wa halmashauri, mtu mkubwa mwenye rungu, alitaka kitambulisho. Nikamwonyesha kadi ya uanachama wa kwaya, nikiwa nimefunika neno "kwaya" kwa kidole gumba. Akakiondoa kidole. Aliniuliza ninaimba sauti gani. Nikasema ya kwanza. Akaniambia niimbe nikiondoka.

Kumbe wakati nikiondoka kwa wimbo, Mlezi alikuwa hajamngoja mtu. Aliwavalisha watoto wote sare za shule, akawapanga wawili wawili, akaenda nao hadi lango la buluu, akabisha hodi. Nayaandika haya kama alivyonisimulia Shemeji, aliyewafuata kwa mbali. Anadai alikuwa akichunga fedha za Kamati.

Bibi Mkunga alifungua. Mlezi akamwambia yote: watoto, ghala la saruji, kanisa, mizunguko, desturi, kinyozi. Hakubakiza hata kijiti. Bibi alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akakasirika. Alisema siku nzima ya jana alikuwa akitembea nyumbani mwake kwa ncha za vidole, kikongwe kama yeye, akiogopa kuongeza uzito. Alitaka kujua aliko yule kijana wa kidole mdomoni. Shemeji, msaliti, akasema niko halmashauri ninajifanya mkaguzi. Bibi akacheka tena.

Mkaguzi mwenyewe alizaliwa mikononi mwa Bibi. Nusu ya halmashauri ilizaliwa mikononi mwake. Aliitwa kwa simu, naye akafika akiwa amevaa ndara. Alisita, akasema taratibu haziruhusu kazi ya Jumamosi. Bibi akamwambia, "Wewe ulikuja duniani kwa miguu, usiku wa manane, na mimi sikukwambia habari ya taratibu." Mkaguzi akagonga kuta, akapima sakafu, akaingia uvunguni mwa kila kitu. Akasema nyumba hii itatuzika sote. Akaomba kitambaa akaifuta ile alama nyekundu kwa mkono wake mwenyewe.

Nilifika wakati huo, nikitota jasho, tai begani. Bibi alinitazama kutoka utosini hadi kwenye viatu. Nikafungua kinywa nimweleze mantiki ya jambo zima. Akaweka kidole mdomoni.

Masharti yake ni haya: bei ni ile ya kwanza, kabla ya vito na kabla ya kuzama. Chumba cha mbele kibaki chake mpaka Mungu amwite, maana hajazoea nyumba isiyo na kilio cha mtoto. Wafanyabiashara walimwahidi zaidi, lakini hakuna hata mmoja aliyemwambia ataifanyia nini nyumba. Wakili alikuja, tukatia saini mezani pake. Shemeji alizihesabu fedha mara mbili kabla ya kuzitoa. Nilidhani ni uchungu wa paa. Nilipomtazama vizuri alikuwa akilia, na mtoto mmoja alikuwa amemshika suruali.

Jumapili, 10 Machi

Ibada ya shukrani uani. Mlezi alishukuriwa. Bibi Mkunga alishukuriwa. Mkaguzi alishukuriwa. Shemeji alishukuriwa, kwa lipi, sijui. Mimi nilitajwa mwishoni, pamoja na mbwa.

Sina kinyongo. Mtu mzima hupima mambo. Bila mizunguko, Bibi asingetuona. Bila uvumi wa vito, asingewachoka wafanyabiashara. Bila uvumi wa kuzama, mkaguzi asingeitwa, na leo tusingekuwa na hakika kwamba nyumba ni imara. Kila hatua ilikuwa yangu. Mlezi alibisha hodi tu.

Yule binti amelifungua fungu la nguo, nguo za mdogo wake ameziweka kwenye rafu ya chini anayoifikia. Niliona nilipokuwa nikipita. Nikapita tena kuhakikisha.

Jumatatu, 11 Machi

Shemeji amerudi nyumbani na basi la asubuhi. Nimebaki. Kazi haijaisha.

Ua wa nyumba ni mzuri lakini watoto ni wengi, na mpira unaruka ukuta kila mara. Upande wa pili kuna kiwanja kitupu cha mshonaji wa viatu, mtu mpole ambaye huurudisha mpira kwa mikono miwili. Mlezi amesema tumwombe atuuzie. Bibi Mkunga amesema mshonaji anawapenda watoto, nende tu nikaseme naye, yuko pale kibandani, ananiona.

Wanawake hawajui biashara. Akijua kwamba tunakihitaji, atatukamua.

Nimeagiza mzinga wa nyuki, mkubwa, wenye nyuki wakali, utawekwa kesho juu ya ukuta wa mpakani. Jirani akiishi na nyuki wiki moja, atakiuza kiwanja kwa bei ya kutupa, na atanishukuru. Hakuna anayejua ila mimi na mrina asali. Watoto nitawaambia wasicheze upande ule kwa sasa.

Nimekwenda kupima. Upande ule ndio ua wote.