Hewa Ilipitishwa kwa Kauli Moja

Ninayo heshima kutangaza kwamba tatizo la joto kwa wanaofanya kazi juani limekwisha. Limemalizwa na Kamati ya Mavazi ya Kazi Msimu wa Joto, katika vikao kumi na vinne, na mimi Katibu wake sikukosa hata kimoja. Wanaodai kwamba jua bado ni kali hawajasoma ripoti.

Kamati ilikaa Ukumbi Na. 3, ghorofa ya nne, penye kiyoyozi chenye hitilafu moja tu: hakizimiki. Mimi huvaa sweta kazini mwaka mzima. Nalitaja hili kwa kuwa lilisaidia sana utafiti.

Kwa kuwa tunathamini ushirikishwaji, kikao cha sita tulimwita mdau mmoja. Alikuwa Fundi Bati, mwezekaji wa mapaa, mwembamba, mikono imeungua jua mpaka viwikoni. Alikuja na shati jeupe ndani ya mfuko wa nailoni.

"Karibu, ndugu mdau," alisema Mwenyekiti. "Wasilisha."

"Shikamoo, Mheshimiwa. Mimi sina la kuwasilisha, nina shida tu. Mwaka jana shemeji yangu alizimia juu ya paa, saa saba mchana, ndani ya ile ovaroli yenu nzito. Kaporomoka na bati lake, mguu ukavunjika mara mbili. Sasa kapona, siku yoyote anarudi juu. Mke wangu halali, maana ndiye kaka yake wa pekee. Kamshonea hili kwa shuka la pamba. Jepesi, mikono mirefu, linapwaya. Tunaomba mtupe za namna hii. Nguo inayopitisha hewa, basi."

Mwenyekiti akavua miwani.

"Inayofanya nini?"

"Inayopitisha hewa, Mheshimiwa."

"Katibu, humu ndani nani anapitisha?"

"Kamati, Mheshimiwa," nilisema. "Kifungu cha pili."

"Umesikia, ndugu mdau? Nguo haipitishi kitu. Nguo yenyewe hupitishwa. Tukiruhusu shati lipitishe hewa leo, kesho suruali itapitisha bajeti."

"Jamani, nasema tu upepo upenye..."

"Hoja imepokelewa."

Nakiri nilimwonea huruma, lakini huruma haimo kwenye ajenda. Kamati ilikataa shati, kisha ikaazimia kwamba hewa ipitishwe na Kamati yenyewe. Wajumbe watano wakanyoosha mikono, akidi ikiwa kamili, nami nikaandika: *Hewa ilipitishwa kwa kauli moja.* Shati likasajiliwa kuwa Kielelezo Na. 1 na kutiwa jaladani, lisitoke bila saini ya Mwenyekiti. Fundi Bati aliondoka na mfuko wake mtupu.

Majaribio yakafuata, humo humo ukumbini. Wajumbe walivaa sampuli nyepesi kwa saa mbili. Wote walitetemeka, na Mjumbe wa Fedha akapiga chafya kumi na moja. Ilidhihirika kitaalamu kwamba nguo nyepesi ni hatari kwa afya. Sampuli nzito ilifanya vizuri. Ilipoongezwa bitana, ilifanya vizuri zaidi. Tukachagua rangi ya bluu iliyokoza, isiyoonyesha uchafu, na vifungo tisa hadi kidevuni, kwa ajili ya heshima.

Uzinduzi ulifanyika kwenye ghala jipya lililokuwa bado linaezekwa, saa saba mchana. Mafundi mia mbili walipangwa kwenye mistari, ndani ya sare mpya. Mwenyekiti naye alivaa yake, ili kuonyesha mfano. Wajumbe wanne waliunga mkono wakiwa garini, vioo vimepandishwa, injini inanguruma.

Hotuba ilikuwa ya kurasa kumi na nne. Ukurasa wa tatu jasho lilimdondoka kwenye karatasi. Ukurasa wa tano alitusalimia upya. Ukurasa wa sita alilishukuru ghala kwa kumlea, kisha akaanguka.

Fundi Bati alifika wa kwanza. "Mpelekeni kivulini! Mfungueni hayo mavifungo! Katibu, lile shati la mke wangu unalo?"

Nilikuwa nalo, jaladani. "Kielelezo hakitoki bila saini ya Mwenyekiti," nilimweleza kwa upole.

"Mwenyekiti si huyu hapa chini?"

"Ndiyo ugumu wenyewe, ndugu."

Akaninyang'anya jalada. Nimeliandika tukio hilo kwenye fomu yake.

Walimvua ile sare, wakamvisha shati, na shemeji, anayechechemea bado, akamnyunyizia maji na kumpepea kwa kurasa za hotuba zilizobaki. Baada ya muda Mwenyekiti alifumbua macho. Upepo kidogo ukaingia mikononi mwa shati.

"Aah," alisema. "Hii inapitisha hewa."

Fundi Bati akachuchumaa karibu naye. "Nani kaipitisha, Mheshimiwa?"

Mwenyekiti alinitazama mimi. Nikafungua muhtasari, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

"Kwa kumbukumbu, Mheshimiwa, shati hili tulilikataa kikao cha sita. Itabidi ulivue."

Alilikumbatia kwa mikono yote miwili. "Lipitishe!"

"Akidi, Mheshimiwa. Wajumbe wako garini."

"Waite!"

Nilikwenda nikagonga kioo. Kilishuka upana wa kidole. Mjumbe wa Fedha alisema nje kuna joto mno, wajumbe wanatoa udhuru. Nikarudi na udhuru wao.

"Basi sisi tuko mia mbili," alisema Fundi Bati, akasimama. "Wanaotaka nguo inayopitisha hewa, wanyooshe mikono."

Nilihesabu. Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Mwenyekiti, naye bado amelala chali. Wa mwisho ulikuwa wangu. Ulichelewa kwa sababu nilikuwa navua sweta.