Mjane wa Siku Nne

Jumamosi, mwezi 2 Mfunguo Tisa, 1328

Nimefika Chole. Naandika kwa herufi za chuo, hizo chache nilizoshika kabla mama hajanitoa nikalee wadogo zangu.

Mume wangu Ussi, huko kwetu Bweni, anadhani niko Kirongwe. Siko. Niko kwa Bwana Hamoud na mkewe Bi Nunu, wanaolaza wageni chumba cha uani. Nimewachagua kwa sababu dirisha linatazama baraza ya Zahor, fundi cherehani. Zahor amemposa binti yangu Somoe. Posa imeletwa na wazee. Kijana hatujamwona, naye hajatuona. Ijumaa tutoe jibu. Ussi kisharidhika. Mimi bado. Katika watoto watano Mungu amenibakishia Somoe tu, na kuja Chole lazima uvuke maji. Nitatafuta ila ya kijana, na Ijumaa nitaitaja.

Bi Nunu akauliza natoka wapi, mume yuko wapi. Nikasema naitwa Kijakazi, natoka Kisiju, mume amefariki. Lilinitoka tu. Nikaongeza mwaka juzi, isije ikawa niko edani na huku natembea. Bi Nunu akalia. Akaniongeza samaki. Nikala kwa haya.

Jumapili, mwezi 3

Nimezunguka mji. Nyumba za mawe, maduka ya Wahindi, boma la Mdachi na askari mlangoni. Nimeamkia watu kumi, wanne tu wameitika. Somoe amezoea kuitikiwa na wote.

Nikajitanda ukaya, macho tu nje, nikampelekea Zahor kitambaa cha kanzu. Alipokwisha nikasema shingo pana. Akafumua. Nikasema sasa imebana. Akafumua. Mara ya tatu nikasema ile ya kwanza ndiyo ilikuwa nzuri. Hapo nikangoja matusi. Akacheka, akasema marehemu mama yake alikuwa hivi hivi, keti bibi, nyuzi zipo.

Kijana asiyekasirika anaficha jambo. Nimeandika: labda mnafiki.

Jumatatu, mwezi 4

Nimemwuliza Chiku, binti wa Bi Nunu, Zahor ana ubaya gani. Akafikiri sana. Akasema anakoroma, wanamsikia ukutani. Nikafurahi. Kisha nikakumbuka Ussi anakoroma mwaka wa ishirini na mbili huu, na akinyamaza mimi ndiye ninayeamka kumtazama.

Halafu balaa. Bi Nunu ameamua marehemu wangu asomewe khitma, hapo kwake, baada ya alasiri. Nikasema marehemu hakupenda makuu. Bi Nunu akasema shoga, marehemu hana la kupenda sasa, ana la kuombewa. Mikate ilikwishachomwa.

Wanaume barazani, sisi ndani. Mwalimu akatuma kuuliza jina la maiti na mji alikolala. Msahafu uko wazi mbele yangu. Nikitaja jina la uongo, dua itakwenda kwa nani? Nikasema Ussi bin Mfaume, wa Bweni. Ni kweli Bweni ndiko anakolala.

Wakasoma. Jina lake likapita pamoja na majina ya wafu. Nikawaza nani atafukuza ngedere mihogoni, nani atanigombeza nikizidisha chumvi. Nikalia hata wanawake wakanishika. Bi Nunu akasema huyu alipendwa.

Jumanne, mwezi 5

Chiku ameleta habari pamoja na uji. Zahor alikuwa barazani kwenye khitma. Aliposikia jina la marehemu akashika kichwa; Chiku hajui kuwa ni jina la mkwewe mtarajiwa. Hakuuliza amekufa lini wala nani ameleta dua. Alfajiri amefunga duka, amenunua mchele na mbuzi, amepanda mashua kwenda Bweni kuhani msiba, hakusema wa nani.

Nikafunga mzigo. Bi Nunu akasema nenda, kilio kikimpanda mtu hakai. Nimevuka hadi Utende. Mchukuzi wa mbata amenipandisha punda mpaka Kirongwe. Kwa hiyo Kirongwe nimefika kweli. Hapo sikumdanganya Ussi.

Alhamisi, mwezi 7

Nimefika Bweni adhuhuri, miguu imevimba. Zahor kanitangulia kidogo tu, mashua ilikosa upepo.

Walionisimulia ni majirani. Ussi alikuwa mlangoni anasuka dema lake la samaki. Kijana akaingia analia, akampa pole ya msiba wa mzee Ussi. Ussi kwa mazoea akaitikia tumeshapoa. Ndipo akauliza Ussi yupi.

Nilipopiga hodi walikuwa wamekaa jamvini, mbuzi kafungwa mnazini. Zahor akaisikia sauti yangu. Akaitambua, nimeona. Akainamisha macho chini kama mtu afanyavyo mbele ya mkwewe. Wakati huo huo Ussi akamwuliza mbele ya watu wote: mwanangu, nani kakwambia nimekufa?

Nikashika nguzo.

Zahor akasema ni maneno ya mjini, mzee, hakushika yametoka wapi. Macho hakuyainua.

Nikaingia jikoni nikalia. Somoe alipouliza, nikasema moshi. Moto haukuwashwa.

Ijumaa, mwezi 8

Baada ya sala wazee wamekaa. Ussi akasema kijana aliyeleta mchele kumzika mtu asiyemjua, yeye hana swali naye. Akaniuliza mimi nina neno. Wote wakanitazama. Somoe alikuwa nyuma ya mlango. Pumzi yake naisikia.

Nikasema sina.

Mbuzi wa matanga tumemla kwa posa. Somoe amecheka leo. Tangu tulipozika nduguye wa mwisho sijamsikia akicheka hivyo.

Jumamosi, mwezi 9

Harusi Mfunguo Mosi, Ramadhani ikiisha. Kijana ni mwema, hilo limekwisha. Lakini huo wema wake haujui kwamba Somoe asipohimizwa hali kitu mpaka jua kichwani. Na mama hamfuati binti kwa mumewe, ni aibu.

Nimempelekea salamu Bi Nunu aniwekee chumba kile kile cha dirisha la kwa Zahor. Harusini nitajitanda asinijue; baadaye nitarudi kwake kuwa Kijakazi. Ussi nitamwambia mama mdogo wa Baleni mgonjwa. Safari hii hafi mtu. Ataumwa tu, tena homa nyepesi, ya miezi mitatu hivi.