Nafasi Isiyotangazwa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu alfajiri. Dari la ofisi linavuja palepale, juu ya kabati la mafaili. Nimetega ndoo.

Imebaki miezi mitatu nitimize miaka sitini. Cheo changu halisi ni Msajili Msaidizi, na mwenye cheo hicho akifika sitini anapewa saa ya ukutani na kwaheri. Naibu Mkuu wa Chuo anakaa hadi sitini na tano. Kiti hicho nimekikaimu miaka minne: kazi yote ya mwenyewe, heshima nusu. Baraza la Chuo linakaa Jumatano ijayo kukijaza.

Kanuni inataka nafasi itangazwe magazetini, watu waombe, wahojiwe. Tena mwombaji awe na shahada ya uzamivu. Yangu imekwama sura ya tatu tangu binti yangu yuko darasa la pili. Sasa ana watoto wawili.

Kwa hiyo isitangazwe. Basi!

Nimemvizia Mkuu wa Chuo kwenye ngazi. Nimemweleza kwamba kutangaza kutachelewesha mahafali. Sijui kwa vipi, lakini neno mahafali humtisha. Akasema tuone. Kwake yeye, tuone ni nusu ya ndiyo. Akaniagiza nimwandikie waraka wa kupeleka Barazani.

Jumanne, 4 Machi

Nimeandika kutwa nzima. Kurasa tisa. Hata ile sura ya tatu sikuiandika vizuri hivi.

Sifa za anayefaa: awe mtu wa ndani, aliyekaa humu miaka isiyopungua kumi. Ajue kila faili lilipo bila kuuliza. Aheshimiwe na maprofesa na wafagizi sawasawa. Vyeti visiwe kikwazo, maana uzoefu nao ni shule. Mtu akifika ukurasa wa tisa hawezi kumfikiria mwingine ila mimi.

Jina langu sikuliweka. Mtu mzima hajipigii debe. Hapa chuoni hakuna aliyewahi kupanda kwa kujitaja. Unatajwa na wenzako, unashtuka kidogo, unakataa mara moja, kisha unakubali kwa uzito. Huo mshtuko nimeufanyia mazoezi mbele ya kioo cha chooni. Mfagizi aliingia akaniuliza kama nimebanwa na kifua.

Waraka umechapwa na Mama Masijala, ambaye ametunza mafaili ya chuo tangu sijaajiriwa. Akasema umeandikwa vizuri, ila kanuni ya kutangaza nafasi ipo, ukurasa wa arobaini. Nikamjibu kwamba kanuni awaachie wanaozielewa. Akagonga muhuri, akaendelea na kazi yake.

Alhamisi, 6 Machi

Kikulacho ki nguoni mwako! Profesa Kikohozi ananinyemelea. Huyu ni mkuu wa kitivo na mjumbe wa Baraza. Hukohoa kabla ya kusema neno, na watu wote hunyamaza wakisubiri. Mimi nikikohoa naambiwa ninywe maji.

Leo amekwenda masijala, ameomba nakala ya waraka wangu, ameusoma mara mbili akiwa wima. Kisha akauliza nani ameuandika. Mtu hasomi waraka mara mbili kama hana lake jambo. Kiti anakitaka!

Saa nne Mungu akanifungulia. Imeingia barua ya chuo kingine, mbali, wanaomba mtahini wa nje kuanzia tarehe 10 hadi 12. Profesa yeyote. Nimejaza jina lake, nimesaini kwa niaba ya Mkuu wa Chuo. Kaimu ana mamlaka hayo. Safari njema, Profesa!

Jumapili, 9 Machi

Nyumba kimya. Nimepika chai ya watu wawili, kwa mazoea. Nimekunywa yote.

Mke wangu yuko kwa binti yetu, safari ya kutwa nzima kutoka hapa. Alikwenda kusaidia uzazi, miezi miwili tu. Huu ni mwaka wa tatu. Amepiga simu baada ya chakula cha mchana. Siku hizi ananiita babu. Akauliza kama Juni nitahamia moja kwa moja. Nikasema kuna jambo linaiva, sitalitaja. Akasema haya. Mtoto akalia, simu ikakatika.

Kwa kuwa hapa hasomi mtu, nitasema kweli. Naogopa. Nikipita kwenye korido hapa, watu huacha kucheka. Si jambo kubwa, lakini ni jambo. Kule nitakuwa mzee wa kuwekwa kwenye kiti na kuulizwa kama nimeshakula.

Jumatatu, 10 Machi

Nimechukua ufunguo wa ofisi ya Naibu Mkuu. Nimekaa kitini. Kirefu! Miguu inaning'inia, Naibu Mkuu mzima. Nimemwita fundi seremala akate miguu ya kiti, sentimita nne. Amekata sita. Sasa magoti yananifika kidevuni. Ameuliza kama akiongezee vipande. Nimesema nitazoea.

Jumatano, 12 Machi

Siku yenyewe. Mimi ndiye katibu wa Baraza, kwa hiyo ajenda naipanga mimi. Jambo langu nimeliweka mwisho kabisa, kwenye Mengineyo. Kufikia hapo wajumbe wana njaa, hupitisha lolote.

Tulipofika, nikasimama. Nikatamka kwamba nina maslahi katika jambo hili, na kwa ajili ya uadilifu naomba nitoke. Nilitoka polepole ili nionekane. Hakuna aliyenizuia. Nilitarajia mmoja angalau.

Nikaketi kwenye benchi la korido. Sasa kumbe nikitoka, hakuna wa kuandika. Mwenyekiti akamwita Mama Masijala ashike kalamu. Akanipita na daftari lake. Nikamwambia aandike kwa uangalifu, ni siku ya historia.

Ikapita nusu saa. Mlango ukafunguka, akatoka yeye. Akaufunga taratibu, akaketi kando yangu.

"Wamenitoa," akasema. "Wanasema wananijadili mimi."

Maskini! Nikajua ameharibu kumbukumbu za kikao. Huruma ikanishika. Nikamwambia asiogope, kuanzia kesho nitakuwa na mamlaka, nitamtetea. Akanitazama kama anayetafuta pa kuanzia.

"Kaka, Mwenyekiti alikuwa anasoma zile sifa zako kwa sauti," akasema. "Kila akimaliza moja, wananigeukia. Wakaniuliza nimekaa miaka mingapi. Nikasema ishirini na sita."

Mimi nina kumi na moja.

Kisha Mwenyekiti akatoka, akampa mkono yeye. Mimi akanishukuru kwa waraka, na kwa uungwana wa kujitoa ili nisimzibie mwenzangu njia. Mama Masijala alishtuka kidogo, akakataa mara moja, kisha akakubali. Bila mazoezi yoyote!

Alhamisi, 13 Machi

Sikuweza kula. Saa kumi Profesa Kikohozi akaingia ofisini kwangu na begi la safari mkononi, hata kwake hajafika. Amesikia. Alikohoa kwanza.

Akasema aliusoma ule waraka mara mbili kwa sababu ulimgusa. Alipoambiwa nimeuandika mimi, akaona anayestahili kiti ni mimi. Akauliza nani alimpeleka kule kutahini wiki hii hii. Nikasema hata mimi nashangaa.

"Ningekutaja mimi," akasema. "Nilikuwa nimeshajiandaa."

Alipoondoka nililia. Naandika wazi. Nililia hadi kola ikalowa.

Halafu hasira. Nafasi haikutangazwa! Watu wamejifungia chumbani na kugawana vyeo! Na ukurasa wa arobaini je? Nimeandika barua kwa Baraza, kurasa tatu, kudai uwazi na haki kwa kila raia. Sikuweka jina. Nimeitumbukiza kwenye sanduku la maoni.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekumbuka asubuhi, nikiwa napiga mswaki. Barua zisizo na jina hupelekwa kwa Naibu Mkuu. Nimezipokea miaka minne. Nilikuwa nazichana.

Jumatatu, 17 Machi

Ameniita. Yuko kitini, na miguu inafika chini sawasawa. Barua iko mezani, imegongwa muhuri, imepewa namba. Yeye hachani.

Hakugomba. Bora angegomba. Akasema mwandishi, yeyote yule, amesema kweli, na yeye mwenyewe haoni fahari kwa njia aliyopitia. Ataomba Baraza litangaze kila nafasi kuanzia sasa. Na yake pia, mwaka wake wa majaribio ukiisha. Anataka niandike kanuni hiyo, kwa kuwa hakuna anayeandika kunishinda. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita tena, kwa sauti ya chini.

"Juni nenda kwa wajukuu, kaka. Wewe una pa kwenda."

Nikakumbuka kwamba mumewe alifariki, na sikuwahi kumuuliza lini. Nikasema asante. Nilimaanisha.

Mchana mke wangu kapiga simu. Wamenunua kitanda, wamekiweka dirishani ili nipate upepo. Mjukuu mkubwa analala hapo kwa sasa, ananipashia joto. Huuliza kila siku kama babu yuko njiani.

Nimeandika hadi jioni. Vifungu kumi na vinane, vikali. Nafasi zote zitangazwe, za wakubwa na wadogo, asipendelewe mtu. Kifungu cha kumi na tisa ni kifupi: isipokuwa nafasi ya Mshauri wa Kanuni, ambayo haitatangazwa wala haina ukomo wa umri.

Nikampigia mke wangu. Nikamwambia kitanda wamwachie mtoto, mimi bado nahitajika huku. Hakuuliza na nani.