Fungu la Matanga

Jumatatu, 10 Februari 2025

Mvua tangu alfajiri. Bandarini Mtwara hakuna meli, hakuna kazi, hakuna aliyeniuliza hali. Lakini nimepata wazo. Wazo kubwa!

Mashindano ya kadi ni Jumamosi ya wiki ijayo, ukumbi wa parokia, wachezaji wawili wawili. Mchezo huu waliuleta mafundi wa gesi wa Madimba. Wao walihamishwa, kadi zikabaki, na sisi tukabaki nazo. Kila kadi ina kiumbe na nguvu zake. Unakusanya kadi, unaunda fungu lako, unapambana mpaka mmoja aishiwe pumzi. Rahisi. Sijawahi kushinda.

Mwaka jana alishinda Idrisa, mwenye duka la fotokopi pale Ufukoni. Cheti amekitundika juu ya mashine. Kila nikienda kutoa nakala lazima nikitazame. Nadhani hunichelewesha makusudi.

Mwaka huu kuna cheti cha pili: fungu lenye dhamira moja, kadi ya kwanza hadi ya mwisho. Mafungu ya wenza wote wawili yanatazamwa pamoja.

Langu litaitwa Matanga. Wafu tupu. Mizimu, popo, wajane, majeneza. Hakuna kadi itakayocheka.

Jumatano, 12 Februari

Celestino amekuja kutoka Kilambo na mchele wake wa kuuza. Ndiye mwenza wangu mezani. Ndiye pia mtu pekee, tangu nihamishiwe huku kutoka Sumbawanga, anayefika nyumbani kwangu bila shida ya kumleta.

Amelikubali Matanga. Kadi zake zote za viumbe wa mchana amezitoa moja moja, bila kunung'unika. Isipokuwa jogoo.

Jogoo! Katikati ya makaburi! Kifua mbele, kilemba chekundu!

Kadi yenyewe ni ya Kireno. Alipewa na mdogo wake Mauricio siku walipoagana, vita vilipofika Palma, kule Msumbiji, na Mauricio akakimbilia Nampula na watoto. Kona moja imeng'atwa na mtoto. Hawajaonana tena. Nikamweleza kwa upole kwamba jogoo anaharibu dhamira. Akasema hachezi bila jogoo. Nikamwambia alifikirie. Akasema ameshalifikiria, kaka.

Ijumaa, 14 Februari

Nimerudi nyumbani nikakuta pilau. Nikamuuliza mke wangu Yustina nani amekufa. Kumbe leo ni siku ya wapendanao.

Nikatafuta neno zuri, sikulipata. Nikamwonyesha kadi yangu mpya, Mjane wa Kisimani. Akamtazama mjane, akanitazama mimi. Akauliza kama nina mpango wowote. Nikamweleza nguvu za Mjane: hupata pumzi mpya kila anapofiwa na mume. Akasema anamwelewa kabisa.

Nikajiongezea pilau.

Jumapili, 16 Februari

Baada ya misa nimekwenda kwa Idrisa, roho ikiniuma. Ana kadi ya Mchimba Makaburi. Huyo huwarudisha wafu mezani hata wakiuawa mara ngapi. Matanga bila mchimba kaburi ni nini? Ni kikao tu.

Nimemwandalia kadi zangu zote za akiba. Amezipitia huku anapiga miayo. Hazitaki. Akauliza kama nina mnyama wa kufugwa, yeyote. Sikumuuliza sababu. Mtu wa fotokopi ana mambo yake.

Nikasema kuna jogoo mmoja ninamfahamu.

Jumanne, 18 Februari

Celestino ameniachia fungu lake nilivalishe vifuko vya plastiki. Anasema mikono yangu haitetemeki kama yake ya jembe.

Nimemtoa jogoo. Siyo wizi. Mahali pake nimeweka popo, tena popo mpya, mzuri kuliko jogoo kwa kila hali. Hesabu ya kadi haijabadilika. Mtu akipata popo bila kuomba amepoteza nini?

Idrisa aliuliza mara mbili kama jogoo ni wangu. Nikamjibu kati yangu na Celestino hakuna changu wala chake. Akanipa Mchimba.

Mchimba ni wa ajabu! Koleo begani, kofia usoni, macho kama ya mkuu wangu wa kazi siku ya likizo. Nimetamani kumwonyesha mtu. Nikafikiri weee. Wa kumwonyesha ni Celestino tu.

Nimemrudisha mfukoni.

Jumamosi, 22 Februari

Naandika kwa mkono mzito.

Tulianza vizuri. Raundi ya kwanza tukashinda. Ya pili tukashinda! Celestino alikuwa akicheka, ananipiga bega. Mara moja moja alisema jogoo kajificha leo. Nikamwambia asiwe na haraka.

Fainali: sisi na Idrisa na Lucy, nesi wa zahanati ya Shangani. Wakaanza kupanga viumbe wao. Ng'ombe. Mbuzi. Bata na vifaranga. Nilicheka kwa sauti. Zizi zima, na sisi tumekuja na mizimu! Wafu wetu wakajaa meza. Kila waliyemuua, Mchimba akamfukua. Msimamizi akaja kusimama nyuma yangu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilikwisha kukiona cheti ukutani.

Ndipo Idrisa akalamba kadi ya juu ya fungu lake, akaitazama, akaiweka mezani taratibu.

Jogoo. Kona imeng'atwa.

Nguvu zake sikuwahi kuzisoma, mimi na Kireno wapi na wapi. Celestino anazijua kwa moyo. Jogoo akiwika kumekucha. Viumbe wote wa usiku hurudi makaburini, na Mchimba pamoja nao.

Meza ikabaki mbao tupu. Lakini Celestino hakuitazama meza. Aliichukua ile kadi, akapitisha kidole kwenye kona.

"Josephu," akasema. Siyo kaka. "Huyu umemtoa wapi?"

Nikasema kadi hufanana.

"Na meno ya mtoto wa Mauricio, nayo hufanana?"

Idrisa akasema aliambiwa kadi ni ya wote wawili. Kisha akaniangalia. Lucy akaniangalia. Hata mtoa soda akaniangalia. Nikasema tuendelee, bado tuna pumzi. Celestino akalaza fungu lake mezani, akampa mkono Idrisa, akampa Lucy, akatoka nje mvua ikinyesha.

Cheti cha ushindi: Idrisa. Cheti cha dhamira: Idrisa. Ufugaji! Msimamizi akasema palikuwa na pengo kidogo kwenye zizi, jogoo akaliziba.

Jumapili, 23 Februari

Yustina ameyasikia kwa Lucy, mlangoni mwa kanisa, kabla sijamwandalia maelezo. Hakunigombeza. Angenigombeza ningejitetea.

Amenipa habari moja tu. Idrisa alimfuata Celestino stendi jana ileile, akamrudishia jogoo bure. Bure! Watu wengine hawaoni haya kujipendekeza.

Jumanne, 25 Februari

Nimeomba ruhusa kazini, nikaenda Kilambo. Pikipiki ilikwama kwenye tope, nikasukuma pamoja na dereva, kiatu kimoja kikabaki humo. Nilifika nikichechemea. Nilidhani hali hiyo itanisaidia.

Celestino alikuwa shambani, maji ya mpunga magotini. Mkewe Francisca akanikaribisha, akanipa muhogo na samaki. Hakuuliza kitu. Afadhali angeuliza.

Celestino akaja, akanawa miguu, akakaa mbali kidogo. Nikaanza. Nikamweleza dhamira, cheti, ubora wa yule popo. Akasikiliza mpaka nikaishiwa.

"Ungeniomba ningekukatalia," akasema. "Ulilijua hilo. Ndiyo maana hukuomba."

Nikasema jogoo si amesharudi?

"Jogoo amerudi," akasema.

Akamwita Francisca, akamwambia mgeni anaondoka, amtafutie ndala. Mgeni! Miaka yote hii namwita mkewe shemeji.

Nimerudi na ndala za kike, mvua ikininyeshea njia nzima. Mlango wangu haujagongwa na mtu leo. Wala jana.

Jumamosi, 1 Machi

Nimesikia Celestino atacheza na Idrisa mashindano mengine ya Mei. Jioni mbili nimekaa barazani peke yangu nikichanganya kadi. Mtu akicheza peke yake hata akishinda ameshindwa.

Nimetafakari sana. Nimejichunguza bila huruma. Na kosa nimeliona.

Dhamira.

Matanga yalikuwa ya huzuni mno. Huzuni huwatenga watu. Nimelivunja fungu lote, naunda jipya: Uaminifu! Kila kadi iwe na viumbe wasioachana. Mbwa na mchungaji wake. Maksai wawili wa nira moja. Kipofu na mshika fimbo. Celestino akiliona fungu hilo atalia. Atanirudia mwenyewe, na Idrisa abaki na kuku wake.

Limebaki pengo moja: Ndugu wa Damu. Bila hao Uaminifu haujakamilika. Anao Lucy. Nimemfuata zahanati, nimepanga foleni na wagonjwa, nimemuuliza anataka nini. Akasema kwa kadi zangu, hakuna. Ila kuna kitenge alimwona nacho Yustina Krismasi, cha bluu, chenye tausi. Amekitafuta Mtwara nzima hajakipata.

Kitenge hicho Yustina aliletewa na mama yake kutoka Sumbawanga. Anakitunzia Pasaka. Lakini vitenge anavyo vingi, na nitamwekea kingine mahali pake, kipya, cha kijani, kizuri zaidi kwa kila hali.

Yustina yuko jumuiya. Sanduku liko chini ya kitanda. Ufunguo ameuacha juu ya meza, mbele yangu kabisa. Ananiamini.